Afya ya Jamaa: Kuvu Puani mwa Vijana

Juma hili twataka kusema juu ya pua. Twajua ya kuwa wengine watacheka, maana nani asiyejua pua? Mtoto hutoka makamasi, mama humpangusa, na maneno yamekwisha. Katika mwaka mmoja mtoto mdogo aweza kushikwa na mafua mara 6 hata 8, na hilo si ajabu wala si alama ya ulegevu wa mwili. Mafua ya namna hiyo hukaa siku 7 au 10, kisha hutoweka yenyewe, hata mtoto asipomeza dawa yo yote.

Lakini iko pua isiyofunguka. Mwezi wa kwanza hupita, na wa pili, hata mwaka, na kijana angali akipumua kwa kinywa. Juu ya pua hiyo twataka kukaa leo, kwa sababu mama mmoja msomaji wetu ametuletea barua ambayo hatukuweza kuijibu kwa mistari miwili. Aeleza habari za binti yake mwenye miaka 13. Pua yake ya kuume imeziba tangu mwaka jana. Hasikii maumivu, hana homa, huenda shuleni kama wenzake. Ila usiku hukoroma, na chakula hakimnukii tena. Mara kwa mara hupenga vipande vigumu vya rangi ya kahawia. Tangu miezi 2 jicho lake la kuume limeanza kutokeza mbele kidogo, hata watoto wa darasani wamempa jina la kumcheka. Ndugu za baba wasema binti amelishwa sumu. Shangazi yake ataka apelekwe kwa mfumu. Mama atuuliza: Je, ugonjwa wa namna hiyo waandikwa katika vitabu vya waganga wa hospitali?

Waandikwa. Kama ndio ugonjwa wa binti huyo, hatuwezi kusema, maana hakuna mtu awezaye kutambua ugonjwa wa pua kwa kusoma barua. Neno moja tu twalisema bila kungoja: jicho lile lionwe na mganga wa hospitali juma hili hili, si baada ya mavuno. Sababu yake mtaiona mbele.

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vitupu vyenye hewa: viwili mashavuni, vingine vingi vidogo kati ya pua na macho, vingine katika paji la uso, na vya mwisho nyuma kabisa, chini ya ubongo. Wafaransa huviita sinus. Nasi tutasema sinusi. Mtoto huzaliwa na vile vya mashavu na vile vya kati ya macho, navyo ni vidogo sana. Vile vya paji la uso huchelewa, havimalizi kukua mpaka wakati wa ujana. Kila chumba kina mlango mwembamba ufungukao puani. Kuta zake zimetandikwa ngozi laini yenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, navyo husukuma ute kuelekea mlangoni mchana na usiku, kama wafagiaji wasiopumzika. Ukuta utengao vyumba vile na jicho ni mwembamba mno. Waganga wa kale waliuita kwa Kilatini lamina papyracea, na wanafunzi wa seminari watatueleza maana yake bila kufungua kamusi: bamba la karatasi. Likumbukeni bamba hilo.

Sasa tuitazame kuvu. Mwaijua: ndiyo ile iotayo juu ya mihogo isiyokauka vizuri, juu ya mahindi ya ghala lenye unyevu, juu ya viatu vilivyosahauliwa pembeni wakati wa masika. Rangi yake ni kijani, au nyeusi, au manjano. Mbegu zake ni vumbi jepesi kabisa lichukuliwalo na upepo. Sisi sote twazivuta puani kila siku, tajiri na maskini, wa mjini na wa kijijini, wala hatuugui, kwa kuwa ute huzinasa, vinyweleo huzisukuma nje, na kazi imekwisha.

Walakini wako watu ambao mwili wao hufanya kama mlinzi wa usiku apigaye kengele ya hatari kwa kuona paka. Mbegu ya kuvu haikuja kuwadhuru. Lakini mwili waiona kuwa ni adui, nao hukusanya jeshi zima. Jambo hilo waganga huliita aleji, na aghalabu hutembea katika jamaa moja: baba ana pumu, mtoto mmoja huwashwa macho, mwingine hupiga chafya asubuhi yote. Katika damu yetu mna chembe ziitwazo eosinofili, ambazo kazi yake nyingine ni kupigana na minyoo. Katika pua ya mtu mwenye aleji ya kuvu chembe hizo huja kwa maelfu, hufa pale pale, na mizoga yao huchanganyika na ute. Ute huwa mzito, halafu mgumu, halafu hunata. Wapasuaji walioutoa kwa mikono yao wasema wafanana na karanga zilizosagwa, kwa rangi na kwa uzito. Vinyweleo haviwezi tena kuusukuma. Mlango wa chumba huziba, mbegu za kuvu hubaki humo ndani penye joto na unyevu, zaanza kumea ndani ya ute ule, na mwili ukiona zimeongezeka hutuma jeshi jingine. Ndivyo ugonjwa ujilishavyo wenyewe, mwaka baada ya mwaka. Ngozi ya pua nayo huvimba na kuotesha vinyama laini, vyenye kung'aa kama ute wa yai, ambavyo mwuguzi mwenye taa aweza kuviona akichungulia puani.

Angalieni vema: kuvu hii haili nyama wala mfupa. Hukaa katika ute tu. Kwa hiyo ni tofauti kabisa na ile kuvu kali mliyosikia habari zake mwaka 2021, wakati maelfu ya watu wa India, wengi wao wenye kisukari na waliokwisha kuugua Kovidi, waliposhikwa na ugonjwa ulioitwa kuvu nyeusi. Ile hupenya katika nyama na kuua kwa siku chache, nayo huwashika hasa watu ambao nguvu za mwili wao zimevunjika. Hii ya leo huwashika vijana wenye afya njema, wenye nguvu za kucheza mpira, ambao mwili wao wapigana kupita kiasi. Wala haiambukizi. Binti mwenye ugonjwa huu aweza kulala kitanda kimoja na dada zake, na kunywa katika kikombe kimoja nao.

Waganga wenyewe walichelewa kuufahamu. Mwaka 1952, huko Uingereza, waliandika kwa mara ya kwanza habari za watu wenye pumu ambao mapafu yao yalijaa ute wenye kuvu iitwayo Aspergillus. Mwaka 1976 mganga mmoja, Safirstein, aliona ute wa namna ile ile puani mwa mgonjwa wa mapafu. Mwaka 1981 wenzao wa Edinburgh, katika Uskoti, wakaona jambo hilo katika sinusi. Na mwaka 1983, huko Marekani, Anna-Luise Katzenstein na wenzake walieleza wagonjwa 7, wakaupa ugonjwa jina lake la kwanza. Hao wote walidhani kuvu ni Aspergillus tu. Baadaye ikaonekana ya kuwa Marekani ya kusini, kando ya mto Mississippi ambako kuna joto na unyevu, kuvu zinazoongoza ni nyingine, zenye rangi nyeusi, ziitwazo Bipolaris na Curvularia. Lakini India ya kaskazini, Sudani na Arabuni ni Aspergillus flavus.

Hiyo ya mwisho si mgeni kwetu. Ndiyo kuvu ile ya rangi ya manjano na kijani ioteshayo sumu ya aflatoksini juu ya karanga na mahindi. Sumu hiyo ilijulikana baada ya mwaka 1960, kwa sababu ya bata mzinga zaidi ya 100,000 waliokufa Uingereza; na mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, waliokula mahindi yaliyoharibika. Twasema hayo kwa kupita tu, msije mkachanganya mambo mawili. Aflatoksini huliwa, nayo hupiga ini. Aleji ya pua huvutwa, tena haina sumu ndani yake. Kwa hiyo, kama wapo watu nyumbani wasemao sumu, mama awajibu kwa amani: hakuna sumu ya chakula ijulikanayo izibayo pua upande mmoja mwaka mzima na kusukuma jicho polepole. Hakuna jirani wa kushtakiwa. Wala mama asijishtaki mwenyewe kwamba nyumba yake ni chafu, kwa kuwa hata nyumba zifagiliwazo mara 3 kwa siku zina mbegu za kuvu.

Kwa nini tumesema vijana? Kwa sababu ugonjwa huu wapenda umri wa tangu miaka 10 hivi mpaka 30, na kwa sababu mtoto huumia kwa namna yake. Mfupa wa mtoto ni laini, wajengwa bado. Ute ule mgumu ukijaa chumbani husukuma kuta kidogo kidogo, kama mzizi wa mti usukumavyo ukuta wa matofali. Waganga wa Dallas, katika Texas, walilinganisha wagonjwa wao mwaka 2002: kati ya watoto 10, wapatao 4 walikuwa na uso uliokwisha kugeuka umbo, lakini kati ya watu wazima 10 alikuwa mmoja tu. Tena watoto walio wengi waliugua upande mmoja wa pua, lakini watu wazima walio wengi waliugua pande mbili. Hapa ndipo lamina papyracea inapoingia. Bamba la karatasi likipinda kuelekea jicho, jicho hutokeza. Na kwa kuwa husukumwa polepole, kijana hasikii maumivu, na wazazi hawana haraka. Lakini ute ukiubana mshipa upelekao nuru ya jicho katika ubongo, macho huanza kufifia. Akipasuliwa mapema, aghalabu jicho hurudi mahali pake, na mifupa ya uso hujirekebisha yenyewe katika miezi ifuatayo. Akichelewa, uso waweza kurudi na nuru ya jicho isirudi. Hiyo ndiyo sababu tulimwambia mama asingoje mavuno.

Iko sababu ya pili, nzito zaidi. Jicho la mtoto likitokeza, si kuvu tu iwezayo kulisukuma. Katika nchi zetu za joto uko uvimbe wa taya na wa jicho ulioelezwa mwaka 1958 na mganga Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago katika Uganda. Uvimbe ule hukua kwa majuma, si kwa miaka, nao hupona kwa dawa ukiwahiwa. Uko na ule wa watoto wadogo, ambao mboni ya jicho huwaka nyeupe kama jicho la paka usiku. Kuvu hufanana nao kwa nje, hata wapasuaji hodari wamepata kudhani ni kansa, kisha wakakuta karanga zilizosagwa. Ni mganga mwenye vyombo tu awezaye kukata shauri. Chombo kikubwa ni skana, ambayo huonyesha vyumba vya uso kimoja kimoja. Kuvu na chumvi za chuma zilizomo katika ute huonekana humo kama mawingu meupe ndani ya chumba cha kijivu. Kisha ute wenyewe hutazamwa kwa darubini, na damu hupimwa kama ina alama za aleji.

Twafahamu neno litakalofuata: skana iko mbali, na njia ni mbaya. Ni kweli. Basi jamaa isianze kwa kutafuta fedha za skana. Ianze kwa mwuguzi wa kituo cha afya, aandike karatasi ya kumpeleka mgonjwa katika hospitali kuu ya zoni, na kutoka huko kwa mganga wa masikio, pua na koo, ambaye hupatikana katika miji mikubwa. Karatasi hiyo isisahauliwe mezani. Tumewaona watu waliosafiri siku 2 wakarudishwa kwa ajili ya karatasi.

Tusiwatishe wote bure. Mtoto wa miaka 3 ambaye tundu moja la pua latoa uchafu wenye harufu mbaya, mara nyingi hana ugonjwa huu: amejitia punje ya haragi, au shanga, au kipande cha sifongo. Msiikokoe kwa kijiti, maana itaingia ndani zaidi. Mpelekeni kwa mwuguzi. Na yule akoromaye tangu utoto, mwenye kinywa wazi na masikio yasiyosikia vizuri, yamkini ana nyama iliyokua nyuma ya pua, nayo ni habari nyingine. Waalimu nao twawaomba neno moja: kijana asinziaye darasani kila siku asipigwe kabla hajaulizwa namna apumuavyo usiku.

Dawa ya ugonjwa huu ni kisu kwanza. Zamani walipasua uso kwa nje; leo mpasuaji huingiza puani bomba jembamba lenye taa, hufungua milango ya vyumba, huondoa vinyama na ute wote hata wa pembeni, asiache kitu. Hakuna kovu. Kabla na baada ya kupasua hutoa kortizoni, ya kumeza na ya kupuliza puani, ili kutuliza lile jeshi. Wengi watauliza: kwa nini wasitoe tu dawa ya kuua kuvu? Wamekwisha kujaribu sana, na faida yake imeonekana kuwa ndogo, kwa kuwa shida si kuvu bali ni ghadhabu ya mwili juu ya kuvu. Antibiotiki nazo hazisaidii kitu, isipokuwa kama vijidudu vingine vimeingia juu yake; na mtoto aliyenunuliwa amoksisilini mara 5 katika mwaka mmoja kwa pua ile ile amepotezewa fedha na wakati. Marekani na Ulaya wana sindano mpya za kutuliza aleji ya namna hii, lakini bei yake yapita mshahara wa mwalimu, tusiwape wasomaji tamaa.

Juu ya vidonge vya kortizoni hatuna budi kukaza sauti. Vyauzwa sokoni kama peremende, na watu huvimeza ili wanenepe. Mtoto avimezaye muda mrefu bila mganga huacha kukua kimo, mifupa yake hulegea, kifua kikuu kilicholala huamka, na wale minyoo wembamba wakaao tumboni mwa watu wengi wa nchi zetu waweza kuzagaa mwili mzima na kumwua. Ndiyo maana mganga mwenye busara huuliza habari za kikohozi na kutoa dawa ya minyoo kwanza. Tena mgonjwa aliyevitumia majuma mengi asiviache kwa siku moja. Hupunguzwa polepole, kama mganga alivyoandika. Matone ya kufungua pua yauzwayo katika chupa ndogo nayo ni rafiki wa siku 5 tu. Akizidisha, pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Na kilimi kukatwa, au unga wa tumbaku kuvutwa, hakujafungua sinusi ya mtu ye yote.

Baada ya kupasuliwa kazi yabaki nyumbani, nayo ni ndefu, maana ugonjwa huu wapenda kurudi. Kila siku kijana aoshe pua kwa maji ya chumvi: nusu ya kijiko kidogo cha chai katika glasi moja ya maji. Maji hayo lazima yawe yamechemka dakika 1 nzima, na katika milima ya Kivu ipitayo mita 2,000, dakika 3; kisha yapoe katika chombo kilichofunikwa. Msidharau neno hilo. Mwaka 2011, katika Louisiana, watu 2 walikufa kwa kuosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa, maana mlikuwamo mdudu mdogo apitaye puani mpaka katika ubongo. Ainame juu ya beseni, amimine polepole tundu moja, maji yatoke kwa la pili, asimeze. Dawa ya kupuliza hufuata baadaye, pua ikiwa safi, kwani juu ya makamasi haifiki.

Nyumbani, godoro lianikwe juani, dirisha lifunguliwe, mahindi yenye kuvu yasilale chumba kimoja na mtoto, wala kijana huyo asipewe kazi ya kufagia ghala. Hayo humpunguzia vumbi, hayamponyi. Kitu kitakachomsaidia zaidi ni kurudi kwa mganga hata kama hasikii neno: kila majuma machache kwanza, kisha kila miezi michache, kwa miaka mingi. Mganga huona vinyama vipya kwa bomba lake kabla pua haijaziba. Kijana akaaye bweni apewe barua ya kumweleza mkuu wa shule tarehe za kurudi, na chupa yake ya maji yaliyochemshwa, na ruhusa ya kuosha pua asubuhi bila kuchekwa.

Mama aliyetuandikia ametaja mji wake. Tumempelekea kwa posta jina la hospitali iliyo karibu naye yenye mganga wa masikio, pua na koo, pamoja na siku ambazo mganga huyo hupokea watoto.